Ujia Hufa Usipopitwa

Baina ya miji ya Peterborough na Stamford, mashariki ya Uingereza, kipo kijiji cha mawe ya chokaa kiitwacho Helpston. Hakina mlima wala ziwa, na mgeni anayetafuta mandhari ya kustaajabisha atarudi na kiu yake. Upande wa mashariki ardhi ni tambarare kama sinia, nchi ya vinamasi vilivyokaushwa. Upande wa kusini na magharibi inainuka kidogo tu, penye misitu midogo na machimbo ya mawe. Hata hivyo wapenzi wa ushairi hufunga safari hadi hapo, wakashika vijia vya mashambani, wakatembea kutwa. Wanamfuata John Clare, aliyezaliwa hapo tarehe 13 Julai 1793 na kuzikwa hapo Mei 1864, mshairi aliyeijua ardhi ya kwao mti kwa mti na kiota kwa kiota.

Matembezi huanzia kwenye nyumba yake ya kuezekwa kwa nyasi, ambayo wakfu wa kuienzi kazi yake uliinunua mwaka 2005. Jirani yake ni kilabu cha pombe cha Blue Bell, alikofanya kazi ya utwana alipokuwa kijana. Hatua chache mbele lipo jiwe la ukumbusho lililosimamishwa mwaka 1869, na kisha kanisa la Mtakatifu Botolph lenye kaburi lake. Toka hapo msafiri huchagua. Akielekea kusini ataupita msitu wa Royce, machimbo ya Swaddywell na mahali pa mti wa Langley Bush. Akielekea mashariki ataliona kwa mbali kanisa la Glinton na mnara wake mwembamba. Huko ndiko Clare aliposoma na kumpenda binti aitwaye Mary Joyce. Kaskazini mashariki, kiasi cha kilomita 5, kiko Northborough, alikohamia mwaka 1832. Dunia yake yote ya ushairi yaweza kuzungukwa kwa miguu kwa siku moja au mbili.

Baba yake alikuwa kibarua wa kupura nafaka, aliyejua nyimbo za kale kwa makumi. Mama yake hakujua kusoma. Utotoni mwake Clare alidhani kwamba ukingo wa dunia uko mwisho wa upeo wa macho, na kwamba mtu akitembea siku moja ataufikia. Basi asubuhi moja akatoka peke yake, akalivuka pori la vichaka la Emmonsales, akaenda hata akafika pasipo na maua aliyoyajua, na jua likaonekana kama limehama mahali pake. Aliporudi jioni alikuta nusu ya kijiji inamtafuta. Alipotimia miaka 13 alikwenda Stamford kununua kitabu cha mashairi cha James Thomson kwa shilingi moja na nusu. Wakati wa kurudi hakuweza kungoja. Aliogopa kuonekana anasoma njiani siku ya kazi, kwa hiyo akaruka ukuta wa bustani ya bwana mkubwa wa Burghley, akajibanza nyuma yake na kusoma. Njiani kwenda nyumbani alianza kutunga, na utungo wa kwanza aliouandika ulihusu matembezi ya asubuhi. Ndiyo kusema ushairi wake ulizaliwa kwa miguu, na ulizaliwa upande wa pili wa ukuta asioruhusiwa kuuvuka.

Neno ukuta lina uzito hapa. Hadi ujana wa Clare, Helpston ilikuwa na mashamba makubwa matatu yaliyolimwa kwa vipande bila ya uzio, pamoja na malisho ya wote. Maskini alikuwa na haki ya kuchunga ng'ombe wake na kuokota kuni, na vijia vilikata kila upande. Mwaka 1809 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuigawa ardhi hiyo, pamoja na ya vijiji jirani, na kuizungushia uzio; kazi ikakamilika mwaka 1820. Miti ikakatwa, vijito vikanyooshwa, vibao vya kukataza watu kupita vikasimamishwa. La kutia uchungu zaidi ni kwamba Clare mwenyewe, aliyekuwa akichoma chokaa kwenye matanuu na kufanya kila kibarua kilichopatikana, alikodiwa pia kupanda michongoma ya uzio huo. Mkono uliouomboleza uzio ndio uliouotesha. Njaa haikumpa nafasi ya kuchagua.

Mhakiki John Barrell, katika kitabu chake cha mwaka 1972, ameeleza kwa makini mabadiliko hayo yalivyogusa namna ya kuiona nchi. Zamani njia za Helpston zilizunguka. Zilitoka kijijini zikarudi kijijini, na kijiji kikawa kitovu cha duara. Baada ya kugawanywa ardhi barabara zilinyoshwa, zikawa ni za kupitia tu, kutoka mji mmoja kwenda mwingine. Msomaji anayelijua hilo ataelewa kwa nini tungo za Clare hazipandi kilele kutazama mandhari kwa mbali. Zinainama. Zinaingia kichakani, zinahesabu mayai, zinatoka kwa uangalifu zisimtishe ndege.

Lakini alijua pia kusema kwa sauti kali. Katika shairi moja aliipa ulimi ardhi yenyewe ya Swordy Well, ndiyo Swaddywell ya leo, ikalalamika kama maskini aliyeangukia mikononi mwa serikali ya kijiji, hana chake tena wala wa kumtetea. Anayepita hapo sasa atakuta jambo la kutafakari. Karne ya 20 iliyafanya machimbo hayo jaa la taka, kisha uwanja wa mbio za magari. Leo ni hifadhi ya maua na wadudu, inatunzwa na wenyeji wenyewe, na anayetaka kupita hupita. Mti wa Langley Bush haukupata bahati hiyo. Ulikuwa mti wa miiba uliokaa juu ya kilima ambapo zamani za kale watu walikutana kwa hukumu na mashauri, na Clare aliandika katika shajara yake ya 1824 kwamba umeangamizwa. Kuna mti mwingine wa miiba hapo leo, uliopandwa na watu waliousoma ule wa kwanza katika maandishi yake.

Hapa ndipo inapofaa kuuliza ni nini hasa wageni hawa wanachokifuata. Kitabu cha kwanza cha Clare kilitoka mwaka 1820 kwa mchapishaji John Taylor wa London, ambaye ndiye aliyemchapisha Keats, nacho kikachapwa tena na tena. Taylor alimpenda, lakini alimsahihisha: akaweka vituo, akapunguza maneno ya kienyeji. Msomaji wa pwani aliyewahi kuona utungo wa Kiamu au Kimvita ukinyoshwa ili uwe Kiswahili sanifu anaujua ugomvi huo bila ya kuelezwa. Maneno aliyoyang'ang'ania Clare, kwa gamba la konokono, kwa maji yanayoanza kuganda kwa baridi, yalikuwa ni vijia vya lugha. Ukivifunga kwa kisingizio cha unadhifu, unampoteza aliyevizoea. Mfasiri naye huyafikia maneno hayo akasimama, kwani hayapo katika Kiingereza cha mjini sembuse katika lugha nyingine. Na mara nyingi jawabu halimo kamusini, limo chini, penye nyasi na tope la Helpston.

Sifa za London hazikudumu. Kitabu cha 1827 hakikununuliwa sana, watoto waliongezeka, na akili ikaanza kumyumba. Mwaka 1837 alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili katika msitu wa Epping, karibu na London. Tarehe 20 Julai 1841 alitoka bila ya ruhusa, akashika njia ya kaskazini kwa miguu, safari ya kilomita kama 130, bila ya fedha. Usiku wa kwanza alilala na kichwa akikielekeza kaskazini, ili akiamka ajue pa kushika. Njaa ilipozidi alikula majani ya kando ya barabara. Siku ya nne akafika Northborough, akimtafuta Mary, ambaye akilini mwake alikuwa ni mkewe. Mary alikwishafariki mwaka 1838, na Clare alikataa kuamini. Mkewe wa kweli, Patty, alikuja kumlaki kwa gari la farasi, naye hakumtambua. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Ila yeye aliporejea, ngama haikuwapo tena. Mwisho wa mwaka ule alichukuliwa hadi hospitali ya Northampton, akakaa humo hadi kufa kwake tarehe 20 Mei 1864, bado akitunga.

Vijia vinavyopitwa leo si vile vya utoto wake. Vingi hufuata mistari iliyochorwa na wapimaji wa mwaka 1809 na baadaye. Tangu sheria ya mwaka 1949, halmashauri za Uingereza hutakiwa kuziandika ramani rasmi za njia za umma, na mkulima aliyepitiwa na njia hiyo hana ruhusa ya kuifunga. Haki hiyo haikutolewa bure. Ilipiganiwa na watu waliotembea. Na michongoma ile aliyoilaani imezeeka, imekuwa minene, ndege wanajenga ndani yake. Baada ya vita vya pili vya dunia, mashamba yalipopanuliwa kwa mashine, mingi katika nchi hiyo iling'olewa, na safari hii walioomboleza waliuombolezea uzio. Clare asingelistaajabia hilo. Alichokipenda kilikuwa ni kile kilichoota mahali pake na kuachwa kiishi.

Kila mwaka, Jumamosi iliyo karibu na tarehe 13 Julai, jumuiya yenye jina lake, iliyoundwa mwaka 1981, hukutana Helpston. Watoto wa shule ya kijiji huleta mito ya majani mabichi, vipande vya ardhi vilivyochomekwa maua ya kando ya njia, kama desturi ya wazee wao ilivyokuwa, wakaizungushia kaburi. Kisha watu hugawanyika makundi makundi, wakatoka kwenda kutembea. Hakuna mnara uwezao kuyafanya yanayofanywa na miguu hiyo. Ujia hufa usipopitwa, na utungo nao hali kadhalika.