Juu ya Mlima Srđ kwa Pikipiki ya Magurudumu Manne

Tangu turudi kutoka likizo ya muhula wa pili, wenzangu wengi wamekwisha kuniuliza habari za Ulaya, na kila mmoja huuliza neno lile lile: "Uliona theluji?" Sikuiona. Nilikwenda mwisho wa Agosti, na joto nililolikuta huko lilishinda la Kasese. Basi nimeona heri niandike mara moja katika gazeti letu, ili wanaouliza wasome, na wanafunzi wa zamani nao, ambao wengi wao wana ndugu walio nje, wapate kusikia.

Mjomba wangu, ndugu yake mama, anafanya kazi Dubrovnik, mji wa kale ulio pwani ya kusini ya nchi ya Kroatia. Huosha vyombo katika jiko la mkahawa mmoja. Habari za viza na nauli sitazieleza. Zilichukua miezi saba na ng'ombe mmoja.

Mji wenyewe umezungukwa na ukuta wa mawe wenye urefu wa mita 1,940, na mahali pengine kimo chake ni mita 25. Kwa karne nyingi ulikuwa dola ndogo iliyojitawala, mpaka Wafaransa walipoifuta mwaka 1808. Mkuu wa dola hiyo alitawala mwezi mmoja tu, kisha akachaguliwa mwingine, na katika mwezi huo hakuruhusiwa kutoka katika jumba lake ila kwa kazi ya serikali. Mwaka 1416 baraza la mji lilikataza raia wake wasifanye biashara ya watumwa. Sisi tuliosoma kwamba soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873 tunaweza kufanya hesabu ya kutoa wenyewe.

Nyuma ya mji, karibu kabisa, umesimama mlima uitwao Srđ. Msijisumbue kutamka, mjomba mwenyewe bado anajifunza. Kimo chake ni mita 412. Kwetu Fort Portal, tunaotazama Rwenzori kila asubuhi, kilima cha namna hiyo hakipewi hata jina. Lakini huu waanzia baharini na kupanda wima kama ukuta wa pili, na jiwe lake jeupe huwaka juani.

Mjomba alikuwa ameutazama mlima huo kutoka mlango wa nyuma wa jiko kwa misimu mitatu, bila kuupanda hata siku moja. Wageni aliowaosheia sahani walikuwa wakizisifu safari za pikipiki za magurudumu manne zinazokwenda huko juu. Siku yake ya mapumziko ilipofika aliniambia, "Mpwa wangu, leo na sisi tu wageni." Alilipa fedha ambazo nyumbani zingenunua mbuzi wawili. Nilinyamaza, maana aliyelipa alikuwa mkubwa wangu.

Tulikuwa watu tisa na pikipiki tano, na kiongozi wetu alikuwa mama mmoja wa makamo. Alitupa kofia ngumu na vitambaa vya kuziba pua, akatufundisha. Mashine ile haina klachi. Moto huongezwa kwa kidole gumba cha mkono wa kulia. Ukipinda kona, mashine hailali upande kama pikipiki yetu, bali wewe mwenyewe huegemea ndani, la sivyo itakupindua. Amri aliyoirudia mara tatu ni hii: usiteremshe mguu chini kamwe, hata ukiona unaanguka, kwa sababu gurudumu la nyuma litaupanda. Vijana wa bodaboda, ambao mguu wao ndio breki ya pili, wangepata taabu sana katika somo hilo.

Anayeendesha ni lazima awe na leseni, na mwenye leseni alikuwa mjomba. Mimi niliyekwisha kupeleka matoke sokoni kwa pikipiki ya jirani mara nyingi nilikaa nyuma kama gunia la mkaa.

Tulipanda kwa barabara ya lami mpaka kijiji cha Bosanka, kisha tukaingia njia ya mawe. Hapo ndipo nilipojua kwa nini magurudumu ni manne. Mawe yalikuwa makali, mengine makubwa kama kichwa cha mtu, na mashine iliyapanda moja moja huku ikitutikisa meno. Vumbi lilikuwa jeupe kama unga wa muhogo. Miti mirefu hakuna, ila vichaka vya miiba na majani yenye harufu kali ya dawa. Mjomba alikuwa akicheka peke yake ndani ya kofia yake. Tangu nifike sikuwa nimemsikia akicheka hivyo.

Juu kileleni pana ngome iitwayo Imperial, ambayo Wafaransa walianza kuijenga baada ya kuja mwaka 1806. Tuliegesha mashine, na kiongozi akatuita ukingoni tuutazame mji. Niliuona wote kwa mara moja: ukuta, bandari ndogo, kisiwa cha Lokrum mbele yake, na meli kubwa ya watalii mbali kidogo.

"Tazameni mapaa," akasema. "Vigae vilivyofifia ni vya zamani. Vyekundu sana ni vipya."

Vyekundu sana vilikuwa vingi mno. Akatueleza kwamba mwezi wa Oktoba 1991, Yugoslavia ilipokuwa ikivunjika, jeshi lake liliuzingira mji, umeme na maji yakakatika. Tarehe 6 Desemba mwaka huo mizinga ilipiga tangu alfajiri, nayo Dubrovnik ilikuwa imekwisha kuandikwa na UNESCO tangu mwaka 1979 kuwa urithi wa dunia nzima. Katika majengo 824 ya mji wa kale, 563 yalipigwa katika vita hivyo. Watetezi wachache waliishika ngome hii tuliyosimama mbele yake, na haikutekwa. Gari la kamba lililopandisha watu mlimani tangu mwaka 1969 liliharibiwa, likarudi kufanya kazi mwaka 2010. Mlimani hapa palitegwa mabomu ya ardhini, na kuyaondoa kulichukua miaka. Yeye mwenyewe alikuwa na miaka minne, akaishi katika ghala la chini la nyumba ya bibi yake.

Kijana mmoja katika kundi letu akamwuliza kama haoni vibaya kuleta watu kucheza mahali kama hapo. Alifikiri kidogo, akajibu, "Baba yangu alipanda hapa kwa miguu, usiku, amebeba maji. Mimi napanda kwa mashine na kulipwa. Yeye hufurahi." Halafu akatazama saa yake, akasema tuna dakika ishirini.

Katika dakika hizo mjomba alimpigia bibi simu ya picha. Akaizungusha ili bibi aone bahari. Bibi alitazama, akasema kwa lugha yetu kwamba maji ni mazuri, na kwamba mjomba amekonda. Kisha akamwuliza anarudi lini. Mjomba akasema mtandao ni mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri kabisa.

Alipokwisha kuiweka simu mfukoni, akatoa bahasha. Ndani mlikuwa na fomu. Mwenye mkahawa anatafuta watu wa jikoni kwa msimu ujao, Aprili mpaka Oktoba, na mjomba amekwisha kunitaja. Mshahara wa mwezi mmoja ni zaidi ya mshahara wa mwalimu wetu wa miezi mitatu. Nina wadogo watatu shuleni, na mama anauza nyanya. Tena mama amesema tangu nikiwa darasa la pili kwamba nitakwenda chuo kikuu.

"Utakuwa umemaliza mitihani," akasema mjomba. "Sikulazimishi."

Nikamwuliza, "Na wewe je, Mjomba, ukipata mtu wa kukusaidia, utarudi nyumbani?"

Hakujibu. Akavaa kofia yake, akagonga kiti cha nyuma kwa kiganja ili nipande.

Kuteremka kulikuwa kugumu kuliko kupanda, maana breki hushikwa kidogo kidogo, na mwili huegemezwa nyuma, nami nilikuwa nyuma tayari. Nilimshika kiunoni, nikaona kweli amekonda. Saa kumi na moja jioni alikuwa amekwisha kuoga na kuingia jikoni, kwa kuwa mwenzake mmoja aliugua. Nilikaa nje mlangoni juu ya kreti, nikimenya viazi walivyonipa, huku nikisikia sahani.

Fomu nilirudi nayo. Mama aliisoma mara mbili, akaitia katika sanduku la vyeti, chini ya cheti changu cha ubatizo, akafunga kwa kufuli na kwenda kumwagilia nyanya. Inatakiwa irudishwe kabla ya mwisho wa Januari.