Mama Mja Mzito na Mzigo wa Unene

Katika nyumba nyingi za Afrika ya Mashariki, mwanamke ashikapo mimba huanza kuhimizwa kula. Mama mkwe humletea samli, shangazi humpikia uji mzito wenye sukari na maziwa, na mume hurudi jioni na kifurushi cha nyama. Husemwa kwamba mja mzito hula kwa ajili ya watu wawili. Akinenepa, mumewe husifiwa, asiponenepa, hulaumiwa. Desturi hii ilizaliwa na mapenzi pamoja na kumbukumbu ya njaa, kwa hiyo si ya kubezwa. Hata hivyo yafaa ipimwe upya, hasa kwa mama aliyekuwa mnene kupita kiasi kabla ya mimba.

Baina ya mama na mtoto pana kiungo ambacho watu hukitaja siku ya kujifungua tu, kisha wakakizika na kukisahau: kondo la nyuma. Mimba ikitimia, kondo huwa na uzito wa karibu nusu kilo. Hilo ndilo pafu la mtoto, figo lake na jiko lake. Damu ya mama haichanganyiki na ya mtoto. Kondo huchagua kipi kipite. Sukari hupita kwa wepesi. Mafuta hayapiti yakiwa mazima. Vimeng'enya vya kondo huyavunjavunja kwanza.

Mwili wa mama nao una mpango mfano wa mkulima mwenye busara. Miezi ya mwanzo huweka akiba ya mafuta. Miezi ya mwisho, mtoto akuapo kwa kasi, ghala hufunguliwa: homoni za kondo hupunguza nguvu ya insulini, ili mama atumie mafuta yake na sukari imbakie mtoto. Ndiyo sababu mafuta katika damu ya mama mwenye afya huweza kuongezeka mara mbili au tatu anapokaribia kujifungua, wala hayo si maradhi.

Kwa mama mnene kupita kiasi, ghala limejaa kabla ya msimu kuanza. Mara nyingi insulini yake ilikwisha kupungua nguvu, na mimba huzidi kuilemea. Mafuta na sukari hujaa damuni, na kondo hupokea zaidi ya kadiri yake. Wachunguzi wameona mafuta yakilimbikizana ndani ya kondo, na chembe za kinga zikikusanyika humo kana kwamba pana jeraha. Insulini ya mama haivuki kondo, lakini sukari huvuka. Basi mtoto hulazimika kutengeneza insulini yake kwa wingi, naye akanenepa tumboni. Jambo hili lilielezwa na daktari Jørgen Pedersen wa Denmark katika miaka ya 1950, alipowachunguza akina mama wenye kisukari.

Hatari zitokazo humo ni kisukari cha mimba, shinikizo la damu liwezalo kuleta kifafa cha mimba, mtoto kupita kilo 4 na kuzaliwa kwa shida, na hata mtoto kufia tumboni. Si kila mama mnene hupatwa na hayo. Wengi hujifungua salama. Lakini hatari kwao ni kubwa zaidi.

Je, mama afunge kula? La, hasha! Mimba si wakati wa kujikondesha kwa njaa. Mwongozo uliotolewa Marekani mwaka 2009 unashauri mama mwenye uzito wa wastani aongezeke kilo 11.5 hadi 16, na mnene kupita kiasi kilo 5 hadi 9. Mwenye urefu wa sentimeta 160 huhesabiwa katika kundi hilo la pili akifikia kilo 77 kabla ya mimba. Miezi mitatu ya kwanza karibu hahitajiwi nyongeza ya chakula. Baadaye nyongeza ndogo yatosha. Maharagwe, mboga za majani, samaki na matunda vitangulie. Soda, maandazi na vya kukaangwa vipunguzwe. Kutembea kila siku kwafaa, isipokuwa mganga amekataza.

Tena kliniki isingojwe hadi tumbo lionekane. Huko mama atapimwa uzito, shinikizo la damu na mkojo, na baina ya wiki ya 24 na ya 28 yafaa apimwe sukari. Wauguzi nao wakumbuke kwamba mama aliyetahayarishwa mbele ya wenzake kwa sababu ya mwili wake huenda asirudi tena, na asiporudi, shinikizo la damu hupanda pasipo mtu kulijua. Neno la upole mezani pa mizani laweza kuokoa roho mbili.

Naye mume atakaye kumtunza mkewe amsindikize kliniki, asikilize anayoambiwa, kisha nyumbani ale naye chakula kile kile alichoshauriwa.