Kamiyo iliyogonga asubuhi

Saa kumi na mbili asubuhi, kwenye parkingi moja ya Bunia, upande wa kutokea kwenda Komanda, akina mama walikuwa wamekwisha kupanda. Magunia chini, magodoro juu yake, masufuria yamefungwa kwa kamba, na watoto juu ya vyote. Ni familia zilizokimbia vijiji vyao katika teritwari ya Irumu na kukaa Bunia muda mrefu kama wakimbizi wa ndani. Sasa zilikuwa zinarudi kuangalia mashamba. Nauli ilikuwa imekwisha kulipwa.

Shofere alizungusha ufunguo. Demareri ilivuta taratibu, moteri ikashika, moshi mweupe ukatoka nyuma, kisha ikaanza: go, go, go, go.

"Ni baridi tu," alisema konvwayeri kutoka juu ya mzigo. "Ikipata moto itanyamaza."

Hakusema uongo kabisa. Moteri ya mazutu haina cheche ya kuwasha. Inabana hewa mpaka hewa yenyewe inakuwa moto, ndipo mazutu inapopulizwa ndani na kuwaka. Chuma kikiwa baridi, kinanyonya joto la hewa ile. Mazutu inachelewa kuwaka, inajikusanya, halafu inalipuka yote kwa pamoja. Ndiyo sababu kamiyo nyingi hugonga kidogo asubuhi, kisha zikatulia baada ya dakika chache. Lakini Bunia si Ulaya wakati wa theluji. Mji uko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, asubuhi mtu anavaa koti, basi. Kamiyo yenye afya huwaka hapa bila kubembelezwa. Ikisumbua kila siku, mara nyingi kuna kitu kimechakaa, na baridi imekitoa tu mafichoni.

Fundi mmoja mzee aliyekuwa anakunywa chai kando aliweka kikombe chini. Hakuna aliyemwita.

Mafundi wa namna hiyo hutambua ugonjwa kabla ya kufungua boneti. Ukisikia ta-ta-ta na moteri haizunguki, angalia batri na vichwa vya nyaya zake kwanza. Wengi hununua demareri mpya bure. Mlio wa kusaga chuma kwa chuma ni meno ya demareri hayashikani vizuri na ya volani. Filimbi kali inayokoma baada ya muda ni mkanda uliolegea au uliolowa umande. Vigongo vyepesi vya juu, kama mtu anayepiga kucha mezani, ni valvu, na vinaweza kusubiri. Kile cha chini, kizito, hakisubiri.

Mzee aliacha moteri ipate moto. Moshi mweupe ukaisha. Mgongo haukuisha, ukawa mzito zaidi, hasa shofere alipokanyaga mafuta. Oili ikipata moto inakuwa nyepesi, na chuma kilicholegea kinabaki bila mto.

Alichukua chuma kirefu, ncha moja kwenye moteri, nyingine sikioni. Halafu, akiwa na kitambaa mkononi, akalegeza bomba za injekteri moja moja, moteri ikiwa inanguruma polepole. (Hii ni kwa moteri za zamani. Kwenye zile mpya zenye kompyuta usijaribu, presha ya mazutu inatoboa ngozi.) Bomba ya kwanza, hakuna tofauti. Ya pili, hakuna. Ya tatu, mgongo ukapungua.

"Basi ni injekteri, Papa," alisema shofere, uso ukimfunguka. Injekteri inapatikana sokoni.

Mzee hakujibu. Alizima, akahamisha injekteri ya tatu kwenye nafasi ya kwanza, na ya kwanza kwenye ya tatu. Kazi ya karibu saa nzima. Kama ugonjwa ni injekteri, mgongo ungehama nayo. Waliwasha tena. Ulibaki palepale kwenye tatu.

Akaomba karai, akamwaga oili. Ndani yake vilielea vipande vidogo vinavyong'aa. Mtoto mmoja aliyeshuka kuangalia akauliza kama ni dhahabu, watu wakacheka. Ituri hata mtoto anajua kutazama chini ya karai. Ilikuwa kusineti, chuma laini kinachoshika mkono wa pistoni, kimelika.

Mwenye kamiyo, kwa simu, alitaka wafike Komanda kwanza, watengeneze huko. Ni kilomita kama 75 tu. Mzee aliomba simu. "Bosi, bieli ikikatika itatoboa moteri. Itakatikia wapi, mimi sijui."

Kila aliyekuwa pale alielewa maana ya "wapi". Tarehe 1 Septemba 2021, mbele ya Komanda, kwenye barabara ya kwenda Luna, msafara uliokuwa unasindikizwa na jeshi ulishambuliwa na magari yakachomwa. Kamiyo iliyokwama peke yake haina hata msafara.

Shofere ndiye aliyekuwa na la kupoteza: siku yake, na labda kazi yake. Alichomoa ufunguo, akautia mfukoni mwa mzee, akamwambia asimpe tena hata akiomba.

Kushusha mizigo kulichukua muda kuliko kupakia. Sehemu ya nauli ilikuwa imekwisha kununua mazutu, kwa hiyo watu walirudishiwa nusu, nusu nyingine ikabaki ahadi, na kelele zilikuwa kubwa. Bibi mmoja alikataa kushuka mpaka kuku wake watangulie. Shofere alizunguka parkingi akiuliza nani anaondoka kesho. Alipata kamiyo ya simenti iliyokuwa na nafasi ya watu tisa. Wao walikuwa kumi na wanne. Akina mama wakaketi juu ya magodoro kupanga nani atangulie.