Kila nguo na maji yake

Akina mama wa kwetu Bukavu ni hodari wa kufua, nami nawasifu. Lakini wengi hufua kila nguo kwa namna moja, na hilo silikubali. Kitenge ni pamba. Pamba haiogopi maji, bali rangi huogopa jua kali. Basi mimi hukigeuza ndani nje kabla ya kukianika. Sufu ni manyoya ya kondoo, na kila unywele una magamba madogo sana. Ukiisugua katika maji ya moto, magamba hayo hushikamana, na fulana ya baba hugeuka kuwa ya mtoto. Nailoni, iliyovumbuliwa Marekani mwaka 1935, hukauka upesi, lakini pasi kali huiyeyusha.

Viatu vya ngozi vilivyolowa visikaribie moto, visije vikapasuka. Vijazwe karatasi, vikae kivulini, kisha vipakwe mafuta.

Linalonihangaisha zaidi ni nepi. Yuko inzi mmoja ambaye hutaga mayai juu ya nguo mbichi, hasa zilizoanikwa kivulini au chini. Funza wakitoka huingia katika ngozi ya mtoto, na kila mmoja hufanya jipu. Jirani mmoja alidhani mwanawe amerogwa, kumbe ni nepi! Kwa hiyo nguo za watoto huzipiga pasi ya moto pande zote mbili, hata kwenye mishono. Mume wangu hunung'unika kwa sababu ya makaa. Sigara zake hula fedha zaidi.