Supa Modo, na huruma inayoziba mdomo

Nikiwauliza marafiki zangu hapa Makutano, Meru, wanitajie filamu nzuri ya Kenya, wanataja Nairobi Half Life ya 2012, halafu kimya. Supa Modo je? Jamaa anayenijazia muvi kwenye flashi aliniuliza kama ni katuni. Na hii ni filamu ya Likarion Wainaina iliyooneshwa kwenye tamasha la Berlin 2018, kisha Kenya ikaituma kuwania Oscar.

Hadithi yenyewe ni rahisi. Jo, msichana wa miaka tisa, ni mgonjwa na hatapona. Mama yake anamrudisha nyumbani, kijiji cha Maweni. Jo anapenda muvi za mashujaa wa kuruka angani, basi dadake, Mix, anakishawishi kijiji kizima kiigize kwamba Jo ana nguvu kama zao.

Mwandishi mvivu angemponya huyo mtoto, ama angemfanya mama kuwa adui. Mugambi Nthiga na wenzake walioandika hii hawakufanya hivyo. Mama anataka Jo apumzike, Mix anataka acheze, na wote wawili wana haki. Ugomvi wao unauma kwa sababu huwezi kuchagua upande. Marrianne Nungo haigizi mama mkali. Anaigiza mama anayehesabu siku. Naye Stycie Waweru, aliyekuwa mtoto tu, haombi umlilie. Jo wake ni mtundu, anacheka, anataka mambo yake yafanyike leo.

Hapo ndipo filamu ilinishika. Shosho alipotolewa hospitalini akaletwa nyumbani Runyenjes, kule Embu, alijua ni kwa nini. Alitaka kuongea kuhusu muguka: nani atachuma, nani atapewa upande wa mtoni. Kila akianza, shangazi mmoja ama mwingine anamkatiza: “Wachana na hayo, mama, utapona.” Walimpenda, sina shaka. Lakini Shosho alikufa na maneno yake mdomoni, na mpaka leo huo upande wa mtoni watu hawasalimiani.

Si hata Maweni wanadanganya? Wanadanganya, ndiyo, lakini Jo anajua anakufa. Mchezo wao haumnyamazishi. Unampa nafasi ya kuamua siku zake zilizobaki ziende vipi. Shosho hakupewa hiyo nafasi. Tofauti kati ya uongo wa aina hizo mbili sijawahi kuisikia ikielezwa kanisani wala kwenye matanga. Imeelezwa hapa, tena bila mtu kuhubiri.

Ni dakika 74 tu. Ukiianza gari likitoka steji ya Meru, itaisha kabla hujafika Embu. Kaa upande wa dirisha, ugeuze uso huko. Halafu ukifika nyumbani, kama kuna mgonjwa anayetaka kuongea, mwache aongee.