Karatasi za Dar es Salaam

Fomu ilikuwa na mistari 19 na mimi nilikwama kwenye wa pili: tarehe ya kuzaliwa. Si kwamba sikuijua. Tangu shule ya msingi nimeandika 15 Oktoba 2002 kwenye kila daftari. Lakini safari hii walitaka cheti, na cheti sikuwa nacho.

Nilikuwa nimejiandaa kwa jambo jingine kabisa. Sisi wa kitivo cha lugha tukisikia "mwaka mmoja wa kusoma Kiswahili Dar es Salaam" tunakimbilia ngeli. Kuanzia Februari 2024 nilishinda na Kamusi ya Kiswahili Sanifu, nikijizoeza kusema "ninakwenda" mahali pa "niko naenda", hata nyumbani, hata mezani. Nikaandika barua ya maombi, nikampelekea kwa simu ndugu mmoja wa Kalundu aliyetangulia huko. Humo nilieleza kwamba pesa niliyoipata wakati wa likizo niliitumia vizuri: niliuza vitabu vinne vya sarufi.

Alicheka mpaka simu ikakatika. Alipopiga tena akasema, "Wewe, hapa watasoma kwamba umevitoa vitabu vyako ili upate pesa!"

Kwetu Uvira kuuza ni kutoa pesa upewe kitu. Anayetaka pesa anauzisha. Mama yangu anauzisha ndagala katika soko la Mulongwe. Dar es Salaam angesemwa anauza dagaa. Nilisahihisha barua yote usiku ule, na kila nilipofuta neno nilihisi namkatiza mama mbele ya wageni.

Kamusi siilaumu. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipokubali Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ilipoanza kazi mwaka 1930, meza ile ilikuwa ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Sisi tulikuwa ng'ambo ya ziwa, chini ya Wabelgiji. Hakuna aliyetuuliza kuuza ni nini. Leo Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa la Kongo, na tangu 2022 tumo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini nenosiri la kuingia darasani bado linatoka Unguja. (Mwalimu wetu wa isimu hatapenda sentensi hiyo. Naiacha.)

Turudi kwenye cheti. Wengi wetu tunapita Kavimvira kwenda Bujumbura kwa karatasi ya CEPGL, basi tunadhani tunajua kusafiri. Karatasi hiyo ni ya nchi tatu tu, yaani Kongo, Rwanda na Burundi. Kigoma haikufikishi. Kwenda Tanzania nilihitaji pasipoti, na walipopokea maombi ya pasipoti waliniuliza cheti cha kuzaliwa. Mimi sikuandikishwa popote. Kadi yangu ya ubatizo, ambayo pengine ingesaidia, ilikuwa ndani ya sanduku la bati lililochukuliwa na maji mto Mulongwe ulipofurika Aprili 2020, usiku ule ule daraja lilipokwenda. Ikabaki njia moja: kwenda tribinali kuomba hukumu inayosimama mahali pa cheti, na kuleta mashahidi.

Shahidi wa kwanza alikuwa mama. Alivaa kitenge cha ibada. Hakimu akamuuliza kwa upole, "Mama, huyu mtoto alizaliwa lini?"

"Nilimuzala ile juma Mai-Mai waliingia mu muji."

"Siku gani, Mama?"

"Walipoingia, nikahesabu siku mbili niko chini ya kitanda. Ya tatu, huyu akakuja. RCD walikuwa hawajarudi."

Wavulana waliokuwa wakisubiri zamu kwenye benchi walinyamaza. Mai-Mai waliuchukua mji wa Uvira tarehe 13 Oktoba 2002. Nilihesabu kwa vidole chini ya meza. Miaka yote nimeandika 15 kwenye madaftari bila kujua kwamba ile ni siku ya tatu ya kitu, wala kwa nini hakuna mtu aliyetoka nje siku zile kutafuta ofisi ya kumwandikisha mtoto.

Karani aliandika mstari mmoja wa Kifaransa. Vita havikuwemo. Baadaye mfasiri akauweka kwa Kiingereza kwa ajili ya fomu, na pale mama akawa "mfanyabiashara".

Tulipotoka, kabla hatujafika barabarani, mama akanishika mkono.

"Nimesema vizuri?"

Alisema vizuri, si muzuri. Miezi ile yote nilipokuwa nikijisahihisha mezani, kumbe na yeye alikuwa anajifunza, akiogopa kwamba mbele ya hakimu atanikosesha safari. Kisha alipoulizwa la kweli, kamusi yote ilimtoka.

"Umesema muzuri, Mama," nikamjibu.

Pasipoti ilikuwa dola 99, bila kuhesabu nauli ya Bukavu, kupitia Sange na Kamanyola na ule mlima wa Ngomo ambao abiria wote huacha kuongea. Nimeshaupanda mara mbili. Mara zote mbili, kwenye ofisi fulani, nimeambiwa nirudi nyumbani, nitaitwa. Masomo yanaanza Oktoba. Valizi iko tayari, na kamusi iko juu yake kwa sababu bado naisoma.

Pesa ilitoka katika likelemba ya wanawake kumi wa sokoni. Zamu ya mama ilikuwa ya tisa. Aliwaomba wenzake wampe ya pili, na wakakubali. Sasa kila Jumamosi jioni anafunga meza, anahesabu faranga za ndagala, anapeleka mchango wake kwa mama ambaye zamu imemfikia. Zimebaki Jumamosi sita.