Mji wa Vigan, Ufilipino: Nyumba za Mababu Zingali na Watu

Tunajua sote kwamba Ufilipino ni nchi yenye Wakatoliki wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Asia. Lakini tukiulizwa habari za miji yake, tunataja Manila, kisha tunanyamaza. Basi leo twende kaskazini ya kisiwa cha Luzon, mpaka Vigan, mji mkuu wa mkoa wa Ilocos Sur. Si mji mkubwa, wala hauna majumba marefu ya kushangaza. Sifa yake ni kwamba watu wake wanakaa katika nyumba zilizojengwa na mababu zao.

Kufika huko si kazi ngumu kwa mwenye nauli na subira. Msafiri atokaye Afrika ya Mashariki kwa kawaida hubadili ndege katika nchi za Ghuba ya Uajemi, kisha hushuka Manila. Toka Manila mpaka Vigan ni kilometa 400 hivi. Mabasi huenda kwa saa nane hata kumi, na watu wengi hupenda kusafiri usiku ili wafike asubuhi. Fedha yao ni peso. Lugha ya kwao ni Kiilokano, ila Kiingereza kinasikika sana madukani na maofisini.

Mgeni akiisha kushuka na kutua mizigo, kwanza huenda kwenye barabara iitwayo Calle Crisologo. Motokaa haziruhusiwi kupita hapo. Kinachosikika ni kwato za farasi juu ya mawe, maana watu hupanda magari madogo ya farasi yaitwayo kalesa. Kulia na kushoto zimesimama nyumba kubwa za zamani. Chini ni kuta nene za matofali na chokaa, juu ni mbao. Ghorofa ya chini ilikuwa ghala ya tumbaku na rangi ya nili, na jamaa walikaa juu. Madirisha mengi hayana vioo, ila vipande vyembamba vya kombe za baharini vinavyopitisha nuru bila kuleta joto kali. Wenye nyumba hizo walikuwa wafanyabiashara, wengi wao watoto wa Wachina waliooa wanawake wa nchi. Mhispania Juan de Salcedo aliweka makao yake hapa mwaka 1572, lakini Wachina walikuwa wakija kufanya biashara hata kabla yake.

Kanisa kuu limewekwa chini ya jina la Uongofu wa Mtakatifu Paulo. Jengo la sasa lilimalizika mwaka 1800. Mgeni huuliza mara moja: kwa nini mnara wa kengele haukushikamana na kanisa? Jibu ni tetemeko la nchi. Mafundi walijua kwamba mnara ukianguka utavunja kanisa, basi wakaujenga kando, na kuta za kanisa wakazifanya nene na fupi.

Karibu na uwanja ipo nyumba alimozaliwa Padre José Burgos mwaka 1837. Leo ni nyumba ya makumbusho, na ni vema kuingia. Padre huyu alidai kwamba mapadre wazalendo wapewe parokia kama wenzao waliotoka Hispania. Mwaka 1872 askari wa Cavite walifanya maasi, na Padre Burgos akashtakiwa kuwa ni mmoja wa wachochezi, pamoja na Padre Mariano Gómez, mzee wa miaka 72, na Padre Jacinto Zamora. Serikali ilimtaka Askofu Mkuu wa Manila awavue daraja la upadre, naye akakataa. Tarehe 17 Februari waliuawa mbele ya watu kwa pete ya chuma iliyokazwa shingoni. Padre Burgos alikuwa na miaka 35. Miaka 34 baadaye, mwaka 1906, Jorge Barlin aliwekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza Mfilipino. Na mwezi wa Machi 1960 Papa Yohane XXIII alimfanya Rufino Santos wa Manila kuwa kardinali wa kwanza wa nchi ile. Katika orodha ileile, siku ileile, lilikuwamo jina la Laurean Rugambwa wa Tanganyika. Hapo habari yao na yetu zimekutana.

Jirani ni gereza la zamani, ambamo alizaliwa Elpidio Quirino, aliyekuwa rais wa nchi baadaye. Msishangae: baba yake alikuwa bwana jela. Humo zimo picha 14 alizochora Esteban Villanueva mwaka 1821, zikionyesha maasi ya mwaka 1807. Wahispania walikuwa wamewakataza watu kujitengenezea basi, yaani pombe yao ya miwa, ili waitengeneze na kuiuza wao peke yao. Wakulima wakachukua silaha, wakashindwa.

Kwa kazi za mikono, mgeni asiache kwenda kwa wafinyanzi. Udongo hukanyagwa na nyati wa kufugwa mpaka ulainike, kisha mitungi mikubwa huchomwa katika tanuru refu. Ndiyo mitungi ya kuwekea siki, chumvi ya samaki na hiyo pombe ya miwa. Wanawake hufuma kitambaa kiitwacho abel kwenye vitanda vya mbao. Chakula cha barabarani ni empanada, mfano wa sambusa kubwa ya unga wa mchele, ndani yake papai bichi, yai na soseji yenye kitunguu saumu, nayo huliwa kwa siki.

Katika adabu hatutakuwa wageni sana. Kijana hushika mkono wa mzee na kuugusisha kwenye paji la uso wake, kama sisi tunavyoamkia. Na asante yao ni “Dios ti agngina”, maana yake Mungu ndiye atakayelipa.

Lakini sifa hizi zina gharama. Mwaka 1945 Manila ilibomolewa na vita, na Vigan ikapona. Wenyeji husimulia kwamba ofisa mmoja wa Kijapani, aliyekuwa na mke Mfilipino, alimwomba padre amtunzie jamaa yake, na padre akamtaka asiuchome mji. Baada ya vita watoto wengi wa mji walihama kutafuta kazi Manila na Marekani, na nyumba nyingi zikabaki tupu, mvua inapenya, mchwa wanakula. Nyumba moja yaweza kuwa na warithi kumi, na hakuna hata mmoja anayetaka kununua vigae.

Mwaka 1999 UNESCO iliuandika mji katika orodha ya urithi wa dunia. Wenye nyumba wakaambiwa wasibadili sura yake ovyo. Wengine wakafungua duka chini na nyumba ya wageni juu, ili nyumba ijilipie matengenezo. Kisha tarehe 27 Julai 2022 nchi ikatetemeka kwa nguvu. Kuta zilipasuka, matofali yakamwagika barabarani, na mnara wa kale wa Bantay, karibu na mji, ulianguka sehemu. Wakaanza tena kutengeneza, kwa chokaa na kwa gharama kubwa kuliko saruji.

Atakaye kwenda achague miezi ya Desemba mpaka Aprili, maana baadaye huja mvua na tufani. Juma Kuu lina maandamano makubwa ya sala, lakini vyumba hujaa, basi aagize mapema. Na alale katika mojawapo ya nyumba hizo za zamani. Fedha yake itanunua kigae, na usiku ataelewa mwenyewe kwamba nyumba isiyo na mtu ndani hufa upesi, hata kuta zake zikiwa nene namna gani.